George Lewis, mpiga klarineti wa New Orleans: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimtaja George Lewis mbele ya wapenzi wa muziki wa zamani, maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa kwa makundi, nikianza na ya msingi. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, nakuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

George Lewis ni nani?

Ni mpiga klarineti (ala ya kupuliza ya mbao) Mmarekani mweusi, aliyezaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, tarehe 13 Julai 1900 na kufariki mjini humo tarehe 31 Desemba 1968. Karibu maisha yake yote alipiga muziki wa mjini kwao, ule wa dansi, wa maandamano na wa mazishi. Dunia ilimjua akiwa amevuka miaka arobaini, wakati wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kupata umaarufu, kufilisika au kufa.

Ukitaka kumjua kwa dakika chache tu, ruka hadi swali la kitandani, chini ya kichwa cha maisha yake.

Jazi hii ndiyo ileile ya Morogoro Jazz na Western Jazz?

Hapana, na hili naulizwa kuliko yote. Bendi zetu zilichukua neno "jazz" kama jina la fahari, lenye maana ya bendi ya kisasa yenye ala za kizungu. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, na kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, OK Jazz ikafuata 1956. Walichopiga kilikuwa dansi na rumba, muziki uliopitia Kuba kabla ya kufika kwetu.

Jazi ya asili ni ile iliyokua New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Ina tarumbeta, klarineti na tromboni mbele. Nyuma huwa na banjo au gitaa, besi, ngoma, na piano ikipatikana. Kama unatafuta ndugu yake katika pwani yetu, mimi ningekupeleka kwenye beni kabla ya muziki wa dansi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, Tanganyika Marini na Arinoti, watu wakiandamana kwa tarumbeta na sare, kila upande ukitaka kumfunika mwenzake. New Orleans nako bendi zilipanda magari ya farasi kutangaza dansi la jioni, na zikikutana njia panda zilishindana palepale mbele ya watu. Inasimuliwa kwamba magurudumu yalifungwa pamoja ili anayeshindwa asipate pa kukimbilia.

Klarineti inafanya kazi gani katika bendi ya namna hii?

Tarumbeta hubeba wimbo wenyewe. Tromboni inajaza chini, ikiteleza kutoka noti hadi noti. Klarineti iko juu, inazunguka wimbo bila kuugusa sana, kama sauti ya mwanamke anayeitikia huku kiongozi akiendelea kuimba. Wote watatu wanapiga kwa pamoja na kila mmoja anatunga papo hapo.

Ndiyo maana mpiga klarineti mzuri wa mtindo huu hupimwa kwanza kwa anavyosikiliza wenzake. Lewis alikuwa hodari hapo hasa. Msikilize wakati watatu wanapiga pamoja, si anapobaki peke yake, utaona namna anavyoingia penye nafasi ambayo tarumbeta imeiacha.

## Maisha yake

Alijifunza wapi?

Mtaani. Hakuwa na mwalimu. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba akiwa mtoto wa miaka kama saba alitumwa dukani na senti zake kununua fidla ya kuchezea. Akakuta zimekwisha, akarudi na filimbi. Klarineti aliipata akiwa kijana. Mwaka 1917 alikuwa tayari anapiga na Black Eagle Band upande wa Mandeville, ng'ambo ya ziwa Pontchartrain.

Familia yake ilikaa French Quarter, mtaa mkongwe wa mji, na nyumbani walihifadhi simulizi la bibi mzaa mababu aliyeletwa utumwani kutoka Senegal. Katika miaka ya 1920 alipiga na karibu kila mtu mjini, akiwemo Buddy Petit, Chris Kelly na Kid Ory. Mwaka 1923 aliunda bendi yake mwenyewe, na kijana aliyepiga tarumbeta ndani yake alikuwa Henry "Red" Allen, ambaye baadaye alipata jina kubwa New York.

Kwa nini hakwenda Chicago kama wenzake?

Wenzake kweli waliondoka. Mwaka 1917 Storyville, mtaa wa starehe, ulifungwa kwa shinikizo la jeshi la majini. Lakini si hilo peke yake lililowaondoa watu. Watu weusi walikuwa wakihama Kusini kwa maelfu, wakikimbia ubaguzi na kufuata kazi za viwandani. Johnny Dodds na Jimmie Noone, wapiga klarineti wawili wakubwa, walikwenda Chicago. Sidney Bechet alivuka hadi Ulaya.

Lewis alibaki. Alibaki na muziki ukabaki naye. Kule Kaskazini bendi zilikua kubwa, noti zikaandikwa, na mpigaji wa peke yake akawa mfalme. New Orleans watu waliendelea kutaka bendi ya kuchezea na bendi ya kuzikia.

Ni kweli bendi yao ilivunjwa na mauaji?

Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Lewis alikuwa na bendi ya mpiga tarumbeta Evan Thomas, magharibi ya Louisiana. Bunk Johnson, naye wa tarumbeta, alikuwemo. Usiku mmoja katika mji mdogo wa Rayne, mtu mwenye wivu wa mapenzi alipanda jukwaani na kumchoma Thomas kisu. Thomas akafa, ala zikavunjwa, na bendi ikaishia hapo. Bunk alipoteza tarumbeta yake na meno yake yakaendelea kuharibika, akapotea katika muziki kwa miaka. Lewis akarudi New Orleans.

Kweli alikuwa kuli bandarini?

Ndiyo. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi muziki haukulisha nyumba, na Lewis, mwembamba kama alivyokuwa, alibeba mizigo katika gati za Mississippi. Jioni akipata mwito alishika klarineti. Waandishi wengine walilipamba jambo hili kana kwamba lilimfanya awe "wa asili" zaidi. Mimi sioni uzuri wake. Alibeba magunia kwa sababu alikuwa na familia, na mikono iliyochoka haimsaidii mtu kupiga klarineti.

Basi aligunduliwaje?

Neno "kugunduliwa" halimfai, maana hakuwahi kupotea. Ila kilichotokea ni hiki. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watafiti wachache waliokuwa wakiandika historia ya jazi walimpata Bunk Johnson katika mji wa New Iberia, Louisiana, mzee asiye na meno wala tarumbeta. Wakachanga fedha. Meno ya bandia alitengenezewa na Leonard Bechet, daktari wa meno, ndugu yake Sidney. Juni 1942 walikwenda New Orleans kumrekodi, na klarineti akapewa Lewis. Alikuwa anakaribia miaka 42, na hizo ndizo santuri zake za kwanza.

Mwaka uliofuata, tarehe 16 Mei 1943, Bill Russell alimrekodi Lewis akiwa kiongozi, pamoja na Kid Howard wa tarumbeta na Jim Robinson wa tromboni. Santuri zilitoka kwa jina la Climax. Russell alikuwa mtunzi wa muziki na mkusanyaji wa santuri aliyeanzisha kampuni ndogo ya American Music ili kuwahi wazee wale kabla hawajaondoka.

Wimbo wake maarufu alirekodi akiwa kitandani?

Ndiyo, na si hadithi ya kupambia. Mwaka 1944 mzigo mzito bandarini ulimpiga kifuani, na klarineti yote ni kifua. Akalala nyumbani kwake mtaa wa St. Philip. Rafiki zake wawili wakaja na ala zao, Lawrence Marrero na banjo, Alcide "Slow Drag" Pavageau na besi. Russell akaleta mashine ya kurekodia. Lewis akajaribu kifua chake.

Katika vipande walivyorekodi kimo "Burgundy Street Blues", kilichopewa jina la mtaa wa jirani. Hakuna tarumbeta wala ngoma. Klarineti inazungumza polepole, na wale wawili wanamshikilia tu. Ukisikiliza kwa makini unamsikia akipima pumzi. Vifungu ni vifupi, anavimaliza kwa utaratibu, kisha anajipa muda. Sijui mpiga klarineti yeyote wa mtindo huu ambaye hajajaribu kukinukuu noti kwa noti. Wengi hupata noti zote, lakini zile pumzi zinawashinda.

New York ilikwendaje?

Septemba 1945 bendi ya Bunk ilianza kupiga Stuyvesant Casino, ukumbi wa Second Avenue. Ilikuwa Bunk, Lewis, Robinson, Marrero, Pavageau, Alton Purnell kwenye piano na Baby Dodds kwenye ngoma. Wasikilizaji walijaa. Wakati huohuo, katika mji huohuo, vijana walikuwa wanaanzisha bibapu, jazi mpya ya kasi, na wahakiki wakagombana vikali kuhusu jazi ipi ni ya kweli. Wapigaji wenyewe hawakuwa na ugomvi huo.

Ugomvi wao ulikuwa wa ndani. Bunk alikunywa na kuwadharau wenzake, akitaka wapigaji wanaosoma noti na nyimbo mpya za redio. Mwaka 1946 bendi ilivunjika, na Bunk alifariki mwaka 1949.

Na baada ya Bunk?

Lewis aliichukua bendi. Walipiga baa za New Orleans, kisha mwaka 1950 gazeti la picha la Look likaandika habari zao na milango ikafunguka: vilabu vya Bourbon Street, San Francisco, vyuo vikuu, kampuni ya santuri ya Blue Note. Mwaka 1957 alialikwa Uingereza peke yake akapiga na bendi ya mpiga tarumbeta Mwingereza Ken Colyer, na mwaka 1959 akarudi Ulaya na bendi yake kamili. Kati ya 1963 na 1965 alizuru Japani mara tatu.

Preservation Hall ilipofunguliwa mwaka 1961 mtaa wa St. Peter, bila pombe wala dansi, yeye alikuwa mmoja wa nguzo zake. Alipokufa walimsindikiza kwa bendi za tarumbeta, kama alivyowasindikiza wengine kwa miaka hamsini.

Kati ya wapiga klarineti wa New Orleans, nani alifika Afrika?

Edmond Hall. Alikwenda Accra mwaka 1956 na bendi ya Louis Armstrong, na mwaka 1959 alihamia Ghana akitaka kuanzisha shule ya muziki. Mambo hayakukaa sawa na hakudumu. Armstrong mwenyewe alirudi Afrika mwaka 1960, safari iliyofika Léopoldville na Nairobi.

Klarineti nayo haikuhitaji kuletwa na Wamarekani. Jean Serge Essous aliipuliza ndani ya OK Jazz tangu mwanzo wake.

## Upigaji wake

Mbona sauti yake haifanani na ya Benny Goodman?

Goodman, mpiga klarineti aliyeongoza bendi kubwa, alifundishwa na mwalimu wa muziki wa kizungu wa jadi huko Chicago, na sauti yake ni laini, sawasawa juu na chini. Ya Lewis ni nyembamba juu, pana chini, na inatetemeka mwishoni mwa noti ndefu kama ya mtu anayeimba kanisani. Kusema kweli, ulinganifu huu unachosha kidogo. Goodman alijenga sauti ya kusikika mbele ya bendi kubwa iliyonyamaza. Ya Lewis ni sauti ya kupenya katikati ya tarumbeta na tromboni zinazopiga kwa wakati mmoja, ukumbini bila maikrofoni.

Lakini si anapiga nje ya noti?

Mara nyingine ndiyo. Ziko rekodi, hasa za miaka yake ya mwisho, ambapo klarineti na piano havielewani, na hakuna haja ya kumtetea hapo.

Lakini yako mambo mawili yanayochanganywa. Kuna kukosa noti, na kuna kuikunja noti makusudi kwenda chini kidogo, jambo ambalo ndilo roho ya bluzi. Tofauti utaijua kwa kuangalia anaanguka wapi. Lewis akikunja, hukunja mahali palepale kila mzunguko. Mtu anayebahatisha hawezi kurudia hivyo.

Hakujua kusoma noti?

Hakusoma. Alipiga kwa sikio. Mjini kwao ilikuwa kawaida, ingawa wako waliosoma vizuri sana, hasa Wakrioli, wenyeji wa damu mchanganyiko wenye asili ya Kifaransa, waliopelekwa kwa walimu. Alphonse Picou, aliyeifanya sehemu ya pikolo, filimbi ndogo, katika wimbo "High Society" kuwa mtihani wa kila mpiga klarineti, alikuwa wa kundi hilo. Lewis naye aliufanya mtihani huo, kwa sikio.

Nasikia habari za klarineti ya mfumo wa Albert. Ndiyo siri yenyewe?

Si siri, ila ina mchango. Mfumo wa Albert, wenye jina la fundi wa Brussels Eugène Albert, una vitufe vichache na njia nyingine ya kupanga vidole. Mfumo wa Boehm, ulioenea leo, ulitengenezwa Ufaransa karibu mwaka 1840. Johnny Dodds, Jimmie Noone, Barney Bigard na Edmond Hall wote walishika Albert. Klarineti hizo zilikuwa rahisi kununua mkononi, na nyingi zina tundu pana linalotoa sauti nene. Ukinunua ya zamani leo, mpelekee fundi kabla ya kulipa. Mbao hupasuka, na nyingine zilitengenezwa kwa kipimo cha sauti cha zamani kilicho juu zaidi, ambacho hakikubaliani na ala za leo.

Barabarani pia alipiga klarineti hiyohiyo?

Si lazima. Kwenye bendi za maandamano kulikuwa na klarineti ndogo ya Mi-bemoli, kali na ya juu, inayosikika nje. Mwaka 1945 Russell alirekodi bendi ya tarumbeta iliyoongozwa na Bunk, Lewis akiwa na ndogo hiyo. Ni katika rekodi za kwanza za bendi za mazishi za New Orleans. Kwenda makaburini wanapiga tenzi za kanisani polepole. Wakishamwacha maiti hubadilika kuwa shangwe, na watu wanaofuata nyuma, wanaoitwa mstari wa pili, hucheza na miavuli.

## Maswali ya pembeni

Nimepata santuri ya George Lewis wa tromboni, muziki haueleweki kabisa. Ndiye?

Siye. Huyo alizaliwa Chicago mwaka 1952, ni mpiga tromboni wa muziki wa majaribio na profesa. Maduka ya mtandaoni huwachanganya wawili hawa kila siku, kwa hiyo angalia mwaka na ala kabla ya kununua.

Jina lake halisi ni lipi?

Ukoo ulikuwa Zeno, na katika maandishi mengine Zenon, majina ya mbele ya Kifaransa yakitangulia kwa wingi. George Lewis ndilo alilofanyia kazi.

Burgundy hutamkwaje?

Wenyeji wanabonyeza katikati: ber-GAN-di. Ukitamka kama mvinyo watajua wewe mgeni.

Nani walimfuata?

Uingereza palizuka kizazi kizima. Ken Colyer alikuwa baharia aliyeshuka New Orleans mwaka 1952 akapiga na bendi ya Lewis, hadi akafungwa kwa kukaa kuzidi muda wa viza. Acker Bilk, aliyeanza klarineti akiwa mwanajeshi Misri, alianzia katika njia ya Lewis kabla ya kupata wimbo uliovuma duniani. Osaka wako New Orleans Rascals wa Ryoichi Kawai. Mwongoza filamu Woody Allen humtaja kila akiulizwa kuhusu klarineti. New Orleans kwenyewe msikilize mpiga klarineti Michael White.

Nianze kusikiliza nini?

Anza na kipande cha kitandani cha 1944. Kisha Climax za 1943, zikiwa na mikwaruzo yake. Halafu "Ice Cream" ya 1944, inayomwonesha Jim Robinson akicheka kwa tromboni. Rekodi za miaka ya 1960 ziache za mwisho. Zina utulivu mzuri, lakini ukianza nazo utakuja kuniuliza swali la kupiga nje ya noti.

Nina klarineti na nataka kupiga kama yeye. Nifanyeje?

Chagua utenzi mmoja unaoujua kwa moyo, hata wa kanisani kwenu, na uupige chini, katika sauti nene ya klarineti, bila kuongeza chochote kwa wiki nzima. Kisha muombe mwenzako wa tarumbeta au hata mwimbaji aushike wimbo, nawe uuache. Zunguka juu yake, ingia pale anapovuta pumzi. Usipige haraka. Mwanzi mpya usiwe mgumu kupita kiasi, wa namba mbili au mbili na nusu unatosha kwa anayeanza. Na ukipata kizunguzungu, acha na upumzike; ukipata maumivu ya kifua, acha kupiga na umwone daktari mara moja. Ukiruhusiwa kurudi, anza kwa vifungu vifupi, kama alivyofanya yeye mtaa wa St. Philip.